Nazi ni dagaa, mawese ni sangara

Shangazi yangu alilipia somo la kutengeneza sabuni kwenye grupu la simu. Akatumiwa kipimo kimoja: mafuta kilo 1, kostiki soda gramu 180. Mafuta gani? Hakuambiwa, naye hakuuliza. Akapika mawese ya Kigoma, sabuni ikaganda vizuri, akaikata miche, akauza mtaani. Haikupita muda majirani wakaanza kumrudia na viganja vimechubuka.

Kipimo kile ni cha mafuta ya nazi. Mawese yanataka kama gramu 140 tu. Zile 40 za ziada zilikosa kazi, zikabaki ndani ya sabuni zikisubiri ngozi ya mtu.

Tofauti inatoka wapi? Mafuta yote mawili ni esta: asidi tatu za kaboksili zimefungwa kwenye gliserini moja. Kostiki inakata mafundo, kila asidi inaondoka na sodiamu yake, na hiyo ndiyo sabuni. Asidi moja, sodiamu moja. Sasa, karibu nusu ya asidi za nazi ni asidi lauriki, yenye mnyororo mfupi wa kaboni 12. Za mawese nyingi zina kaboni 16 au 18. Pima kilo ya dagaa na kilo ya sangara, kisha hesabu vichwa. Nazi ni dagaa: vichwa vingi, kostiki nyingi. (Ufupi huohuo ndio unaoifanya sabuni ya nazi itoe povu hata kwa maji ya bahari, mahali ambapo nyingine hugoma.)

Kinachoniudhi ni kwamba sekondari tulichanganya ethanoli na asidi ethanoiki, tukadondoshea asidi ya salfa, tukapata esta, tukanusa harufu yake ya matunda, tukachora mshale wa kwenda na kurudi, kengele ikalia. Kumbe hesabu ya moli, ya kuhesabu vichwa badala ya kilo, iliyokuwa ubaoni ndiyo hii ya shangazi! Na hawa wanaouza "fomula" bila kutaja aina ya mafuta, kwangu mimi ni matapeli, hata kama wenyewe hawajui.

Sabuni hatukuitupa. Tuliikwaruza kwa greta ya karoti, tukaongeza mawese karibu gramu 300 kwa kila kilo aliyoanza nayo, tukairudisha jikoni. Safari hii kwenye sufuria ya stili, maana ile ya alumini kostiki ilishaanza kuila. Hesabu nilimwandikia nyuma ya daftari la madeni.