Eti Unasoma Biashara, Mtaji Uko Wapi?

Jamani digrii ya biashara tusidanganyane. Huku Mbeya ukisema tu unasoma biashara chuo umekwisha, kila mtu ana duka lake kichwani anataka umshauri. Juzi nimepanda bajaji Kabwe naenda Uyole, dereva kasikia, safari nzima ananiuliza afungue saluni au auze spea. Ananiuliza mimi, ambaye mkate nikishakata slaisi mbili nafunga mfuko naufukia kwenye begi la nguo rumeti asiuone!

Sasa nyie wa fomsiksi mlioona jina zuri mkajaza, sogeeni. Ni miaka mitatu, semesta sita, na mwaka wa kwanza biashara yenyewe utaisikia kwa majirani. Kuna DS, yaani masomo ya maendeleo, kuna stadi za mawasiliano (mtu ushaota ndevu unafundishwa upya anwani ya barua inakaa upande gani), kuna hesabu ambazo wengine tulizikimbia toka fomfoo kumbe zilitutangulia chuo zikakaa siti ya mbele. Halafu kuna uhasibu.

Uhasibu bwana. Aliyeuweka kitabuni ni mtawa wa Italia, Luca Pacioli, mwaka 1494, alikuta wafanyabiashara wa Venice kila muamala wanauandika mara mbili, debiti huku krediti kule, akaupanga vizuri watu wasome. Na alikuwa Mfransisko, wale watawa wanaoapa umaskini. Niliposikia hilo nikaelewa kwa nini darasa zima tuko hivi tulivyo. Usiku wa Juni, na baridi ya hapa mnaijua, mko kwenye vimbweta mmejifunika blanketi, trayo balansi, ile orodha ambayo debiti na krediti lazima zilingane, imekataa, upande mmoja umezidi shilingi 200. Mtaisaka hiyo mia mbili mpaka jogoo wa Soweto wawike, mia mbili ambayo haipo, ya kampuni ambayo haipo. Na ikishindikana kabisa kuna akaunti halali inaitwa suspensi, unaitupia humo tofauti mpaka ijulikane imetoka wapi. Mtaani ukifanya hivyo kwenye kikoba wanakuitia balozi.

Ila kinachoua kweli sio hesabu, ni asaimenti za kundi. Mko saba. Mmoja anafanya, mmoja anamletea chapati anayefanya, mmoja simu yake haipatikani toka Jumatatu, na kuna yule kila mkiandika kwenye grupu anajibu "naunga mkono hoja". Kazi inatakiwa saa kumi, saa tisa na nusu mko steshenari mnachangishana mia mia ya kuprinti, hapo ndo yule wa simu anaibuka ghafla, jina langu mmeliandika na namba ya usajili? Na maksi mnapata sawa! Halafu kesho yake lekchara anafundisha uongozi wa timu, na huyo huyo ndo ananyoosha mkono.

Prezentesheni sharti suti. Suti yenyewe ni koti moja la mtumba wa Mwanjelwa, linazunguka gheto nzima, anayemaliza kuprizenti analivulia mlangoni anayefuata analivaa likiwa la moto bado. Unasimama humo unapepesuka na mikono mirefu unachambua SWOT (nguvu, udhaifu, fursa na vitisho) ya kampuni kubwa, na sijui kwa nini udhaifu wa kila kampuni kwetu ni mtaji mdogo, hata iwe ya bia. Ukimaliza SWOT unaambiwa na nguvu tano za ushindani za Michael Porter, yule profesa wa Harvard, za mwaka 1979 ziko wapi. Mimi nguvu zote tano zimebaki kwenye foleni ya wali maharage.

Sasa shangazi yangu anauza viazi, siku hiyo nimemtembelea mezani kwake nikajifanya namfundisha ushindani kamili, kwamba sokoni wauzaji ni wengi, bidhaa ni ileile, na kila mtu ana taarifa zote za bei. Akaacha kupanga mafungu. "Kila mtu? Na dalali je?" Nikamwambia shangazi, dalali kwenye hii modeli hayupo. "Hayupo! Yule ndo anajua Dar leo gunia linaenda ngapi, mimi naambiwa anachotaka nijue, halafu mnamtoa? Na lumbesa wamesemaje?" Lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, nayo haipo. Nikaona niokoe jahazi, nikamwambia ila tumejifunza bidhaa ikiadimika bei inapanda. Akanitazama weee, akasema baba, hilo ndo tumekulipia ada?

Fildi, yale mafunzo ya vitendo ofisini, ni wiki nane. Nisiseme ofisi gani, ila nimejua fotokopi inapokwama karatasi unaivuta kutokea upande upi, na bosi chai yake haiwekwi tangawizi. Kwenye logibuku inabidi uandike kwa heshima, "nilishiriki katika usimamizi wa nyaraka".

Bumu, ile hela ya bodi ya mikopo, likitoka usiniulize, linapita. Likumbukeni tu kwamba ni mkopo, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Na huko kuajiriwa kwenyewe, ukitaka uhasibu wa kueleweka bado mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, inakusubiri, maana digrii peke yake haikufanyi mhasibu wa kusaini vitabu. Juzi nikasema nianze mapema kupitia matangazo ya kazi, afisa masoko daraja la chini kabisa, nikasoma nikafurahi, shahada ninayo karibu, Kiingereza tutakipigania, nikashuka chini, uzoefu miaka mitatu. Sasa jamani, miaka mitatu niliyokuwa nayo si ndo hii wamekaa nayo wao chuoni?