Turbo kunyweshwa maji: faida ipo, ila usiiegemee

Mabishano kuhusu kupuliza maji na methanoli kwenye injini za turbo na supachaja (vifaa vinavyobana hewa na kuisukuma ndani ya injini) hayaishi. Kuna wanaosema ni nguvu ya bei nafuu, na kuna wanaosema ni kuchezea injini. Kila upande una hoja, maana mara nyingi wanazungumzia injini zilizotyuniwa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Turbo ikibana hewa, hewa hupata moto. Hata ikipita intakula, yaani kipoza hewa kati ya turbo na injini, hubaki na joto, na ndani ya silinda mchanganyiko ambao moto wa plagi haujaufikia unaweza kulipuka wenyewe. Huko ndiko kugonga, na ndiko kunakopasua pistoni kwenye nafasi za ringi. Maji yakigeuka mvuke hunyonya joto jingi mno: kilojuli 2,257 hivi kwa kilo, methanoli 1,100 hivi, petroli haifiki 400. Kupoza ni kazi ya maji. Methanoli huongeza okteni (uwezo wa mafuta kustahimili kugonga), na yenyewe ni mafuta yanayoungua.

Kwa Subaru STI zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hoja ya wanaounga mkono ina uzito. Injini zile zilipangiwa petroli ya okteni ya juu ya huko, inayofika 100. Ukizilisha petroli ya chini ya hapo, maji hurudisha sehemu ya kinga iliyopotea. (Tusichanganye na kile kitufe cha STI cha kurushia intakula maji, yale hulowesha nje tu, hayaingii kwenye injini.)

Hesabu si ngumu. Injini ya petroli ya nguvu farasi 300 hunywa takriban mililita 1,650 za petroli kwa dakika ukikanyaga mpaka mwisho. Maji yakiwa asilimia 15 ya hizo ni mililita 250, basi tafuta nozeli (tundu la kupulizia) ya kiasi hicho kwa presha ya pampu yako, ambayo kwa kawaida ni baa 10 hadi 15. Tangi la lita 5 litakupa dakika 20 za kukanyaga hivyo. Nozeli ikae baada ya intakula, kabla ya throto (klapu ya kuruhusu hewa kuingia), ili matone yapate nafasi ya kusambaa. Ukiisogeza karibu mno na manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), silinda moja hunyeshewa na nyingine hukauka. Ukiiweka kabla ya turbo, matone makubwa hula mapanga yake. Pampu ianze presha ya turbo ikifika nusu ya kiwango cha juu. Ikianza mapema, gari hukohoa kwa sababu maji yanazima cheche. Kupunguza pengo la plagi hadi milimita 0.6 au 0.7 husaidia.

Kifaa ambacho wengi hukiruka ni valvu ya solenoidi, inayofunguka na kufungwa kwa umeme, karibu na nozeli. Ukiachia mafuta, manifoldi hunyonya, na tangi likiwa juu ya nozeli maji huendelea kuingia hata pampu ikiwa imezimwa. Yakijaa silinda, ukipiga stata unapinda koni rodi, mkono unaoshika pistoni. Maji yawe ya betri, si ya bomba wala kisima: chokaa na chumvi huziba tundu la nozeli, ambalo ni dogo kuliko kichwa cha pini.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi kwenye methanoli. Kwa kuwa ni mafuta, mtyunaji hupunguza petroli ili kuipisha, kisha husogeza taimingi (wakati wa cheche) mbele na kupandisha presha. Nozeli ikiziba siku hiyo, injini hupoteza ubaridi, okteni na sehemu ya mafuta yake kwa mpigo, huku presha ikiwa palepale. Viwanda vililiona hilo zamani. Oldsmobile Jetfire ya 1962, yenye V8 ya turbo ya lita 3.5, ilitumia maji na methanoli nusu kwa nusu. Chupa ikikauka, klapu ilibana presha. Wenye magari walisahau kujaza, wakalalamika gari zito. Uzito huo ndio uliookoa pistoni zao. BMW M4 GTS ya 2016 ilitumia maji matupu.

Methanoli pia ni sumu, hupofusha na kuua. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa pombe iliyotiwa methanoli. Moto wake hauonekani mchana, na hata ikichanganywa nusu kwa maji bado hushika moto. Changanya nje, kwa glavu, na tangi lisikae ndani ya kabini.

Kwa gari la kila siku, maji matupu yanatosha, na injini ityuniwe kana kwamba hayapo: intakula nzuri kwanza, taimingi ya wastani, maji yawe nyongeza. Anayetaka nusu kwa nusu na presha ya juu afunge sensa ya mtiririko inayokata solenoidi inayodhibiti presha ya turbo mara maji yanapopungua, kisha aijaribu kwa kuchomoa mpira wa nozeli na kuuelekeza kwenye chupa, fundi akisoma presha kwenye skrini. Isiposhuka, gari lisitoke gereji.