Milango ya Guangzhou na mlango wa bibi

Nyumba za kale za Xiguan, wilayani Liwan, zina mlango ulionishika tangu wiki yangu ya kwanza Guangzhou, China, miaka tisa nyuma. Mbele ya mlango mzito wa mbao kuna wa pili, wa miti ya mviringo iliyolazwa kama vipago vya ngazi, unaoteleza kando ukiusukuma. Joto likizidi, mlango mzito huachwa wazi, ule wa miti ukafungwa. Upepo unaingia, mwizi haingii, na bibi aliyekaa ndani anaona nani kapita na kabeba nini. Mtu wa Mji Mkongwe, Unguja, hana haja ya kuelezwa. Sisi tuna baraza.

Wageni wa nyumbani wakishachoka kuzunguka masoko ya jumla, huwapeleka Yongqing Fang, mtaa wa zamani uliokarabatiwa pale barabara ya Enning. Umependeza, sikatai: matofali ya kijivu yamesafishwa, pa kupumzika papo. Lakini aliyemo ndani anauza kahawa au zawadi. Juzi nilijaribu kuusukuma mlango mmoja wa miti. Umepigiliwa misumari. Binti wa kahawa akacheka: huo wa kupigia picha.

Sijifanyi naililia jana. Metro ya hapa ilianza 1997, nami naipanda kila siku wala sina hamu ya kubanwa kwenye daladala. Ila tazama Liede, kijiji kilichojikuta katikati ya maghorofa. Ubomoaji ulianza 2007, wenyeji wakarudi 2010 kwenye majengo marefu mapya, na majumba ya kuwakumbukia mababu wa koo zao yakajengwa upya. Kila mwezi wa tano wa kalenda yao, mashua za joka bado zinapigwa makasia kwenye mfereji wao. (Kuna vijiji hapa huzifukia mashua hizo kwenye tope mwaka mzima ili mbao zisipasuke, kisha huzifukua sikukuu ikikaribia.) Wapangaji, yaani watu wa kuja kama mimi, hawakuwa na fungu, hilo nalo lisemwe. Hata hivyo, kwangu mimi Liede imehifadhi zaidi ya Yongqing Fang, ingawa saruji yake ni ya juzi. Wasanifu majengo wanisamehe.

Kwetu je? Sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nililia mitandaoni kuliko waliokuwa Forodhani. Miezi michache baadaye, sisi warithi kumi na mmoja tuliikodisha nyumba ya bibi kwa mtu wa hoteli. Tulikubaliana kwa WhatsApp, siku mbili tu, na mimi ndiye niliyeuliza pesa zinaingia lini.

Likizo iliyopita nilipita pale. Mlango wa nakshi umepakwa mafuta, unang'aa kuliko enzi za bibi. Nikakaa barazani kungoja gari. Mlinzi akanijia kwa adabu: "Shekhe, una chumba hapa?"

Nikamwambia gari yangu inakuja.