Historia ya uwanja wa Warren msituhadithie nusu

Sisi wapenzi wa viwanja vya besiboli vya kizamani kila mwaka lazima tubishane upi ndio mkongwe Marekani. Juzi tena, jamaa kashusha historia ndefu ya uwanja wa Warren pale Bisbee, Arizona: 1909 umefunguliwa, mwaka mzima kabla ya Rickwood, ule uwanja mkongwe wa Birmingham, Alabama, 1913 timu za White Sox na Giants wakapita kwenye ziara yao ya dunia, mambo matamu kabisa. Alafu 1917 kairuka. Imeniuma sana.

Uwanja ule ni wa pesa za shaba jamani, kampuni ya Calumet and Arizona iliujenga ili wachimbaji wake wapate pa kujiburudisha. Sasa wachimbaji wa mji huohuo mwisho wa Juni 1917 wakagoma, walitaka dola 6 kwa siku kwa anayefanya kazi chini ya ardhi na kila mashine ya kutoboa mwamba ishikwe na watu wawili, madai ya kawaida kabisa. Alfajiri ya Julai 12 sherifu Harry Wheeler akatoka na watu kama 2,000 wenye bunduki na vitambaa vyeupe mkononi, wakapita nyumba kwa nyumba wakitoa watu vitandani, na wakawapeleka wapi? Uwanjani. Palepale watu walipokuwa wanakaa kushangilia timu yao, kwenye jua la Julai, wakaambiwa anayekana mgomo aachiwe. Wapo waliokubali, na siwalaumu hata kidogo, una mke na watoto utafanyaje. Karibu 1,200 wakagoma kukana, wakasukumwa kwenye mabehewa 23 ya ng'ombe, samadi bado iko sakafuni, masaa 16 njiani mpaka wakatelekezwa jangwani New Mexico. Wengi ni Wameksiko na watu wa Ulaya Mashariki, watu waliofuata riziki kama ndugu zetu Wakongomani walioko Tucson na Phoenix leo. Na kati ya waliowafukuza hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani, 1920 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kesi hiyo haiihusu serikali ya shirikisho.

Atakuja mtu aseme michezo tusiichanganye na siasa. Mimi sijachanganya, waliogeuza uwanja kuwa zizi la watu ndio waliochanganya.

Haya, nakubali majukwaa ya udongo mnayopiga picha leo ni ya miaka ya 30, ya mradi wa serikali wa kuwapa watu ajira, siyo yale waliyoyaona wale wazee. Na ni kweli ni uwanja mzuri, vijana wa shule bado wanacheza pale na mimi nafurahi uko hai. Ila ardhi ni ileile, na migodi yenyewe ilifungwa 1975, sasa tunamfichia nani? Anayeandika 1913 aandike na 1917, mistari miwili inatosha, na zile dola 6 azitaje.