Draiva au wudi 3 kwenye tii: usalama uko wapi hasa?

Kuna ushauri anaopewa karibu kila mcheza gofu mwenye hendikepu kubwa, yaani ambaye bado hajabobea: kwenye tii, pale unapopigwa mkwaju wa kwanza wa shimo, draiva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, iache kwenye mfuko, anzia na wudi namba 3, fimbo inayoifuata. Wanaoutoa wanasema fimbo hiyo ni fupi, uso wake umeinuka zaidi ili kuunyanyua mpira, na mpira wake hunyooka. Wanaoupinga wanasema kila mita unayoiacha nyuma utailipa kwenye mkwaju wa pili. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja hizo hazina uzito sawa, na ubishi wenyewe mara nyingi hauanzii pale panapostahili.

Tuanze na fimbo zenyewe. Draiva nyingi za dukani zina urefu wa inchi 45 na ushee, mwinuko wa uso wa digrii 9 hadi 12, na kichwa kinachokaribia au kufikia sentimita za ujazo 460, ambacho ndicho kikomo cha watunga kanuni za gofu, R&A na USGA. Wudi 3 ina inchi 43 hivi, digrii 15, na kichwa ambacho kwa kawaida hakifiki nusu ya ujazo huo. Inchi 2 zilizopungua zinasaidia kweli, maana fimbo fupi ni rahisi kuirudisha kwenye mpira ikiwa imenyooka. Mwinuko nao unasaidia. Mpira hupinda angani kwa sababu mzunguko wake umeinama upande mmoja. Uso wenye mwinuko mkubwa huupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, kwa hiyo kosa lilelile la uso kufunguka kando digrii 3 haliinamishi mzunguko huo kama linavyouinamisha kwenye draiva. Hapo watetezi wa wudi 3 wako sahihi kabisa.

Wanachokisahau ni kichwa. Kichwa kikubwa cha draiva kimesambaziwa uzito pembezoni, kwa hiyo ukigonga sentimita moja na nusu nje ya katikati hakipinduki sana mkononi na mpira bado unaondoka na sehemu kubwa ya kasi yake. Wudi 3 haisamehe kiasi hicho. Uso wake pia ni mfupi kwenda juu: mpira ukiwekwa juu mno hugongwa na ukingo wa juu wa kichwa, unapaa wima na kuacha alama kwenye rangi. Ukigongwa chini mno unaondoka umelala na hauendi mbali. Kwa mchezaji ambaye bado anagonga sehemu mbalimbali za uso, fimbo "salama" ndiyo hiyo yenye uso mdogo zaidi kati ya hizo mbili.

Kuna na imani kwamba mpira unaokwenda karibu hautoki sana nje ya mstari. Hesabu yake ni nyepesi. Mpira ulioondoka digrii 5 kando na kusafiri mita 220 unaangukia kama mita 19 kutoka kwenye mstari. Kwa kosa lilelile, mpira wa mita 200 unaangukia mita 17 na nusu. Umetoa mita 20 za urefu ili uokoe mita moja na nusu ya upana. Kama wudi 3 inanyooka zaidi mikononi mwako, sababu itakuwa mwinuko na urefu wa mpini. Umbali uliopungua una mchango mdogo sana.

Je, mita hizo 20 zina thamani gani? Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua data za mikwaju ya PGA Tour na kuonyesha wastani wa mikwaju anayohitaji mchezaji kumaliza shimo kutoka kila umbali. Kwa wachezaji hao wa kulipwa, kutoka yadi 160 kwenye feawei, yaani njia ya nyasi fupi, wanahitaji wastani wa mikwaju 2.98, na kutoka yadi 180 wanahitaji 3.08. Yadi 20, yaani mita 18 hivi, zina thamani ya sehemu moja ya kumi ya mkwaju. Kutoka yadi 160 lakini ndani ya rafu, yaani nyasi ndefu za kando, wastani ni 3.23, robo mkwaju zaidi ya feawei.

Namba hizi husomwa vibaya na pande zote. Anayetetea wudi 3 anaona robo mkwaju ya rafu ni kubwa kuliko sehemu moja ya kumi, basi anafunga mjadala. Lakini robo hiyo hailipwi kila mara. Inalipwa tu pale draiva inapokosa feawei ambayo wudi 3 ingeipata. Ili hasara ya rafu imeze faida ya yadi 20, draiva ingebidi ikose feawei kama mara 40 zaidi katika kila mikwaju 100. Ni mchezaji adimu ambaye fimbo zake mbili zinatofautiana kiasi hicho. Tena Broadie aligundua kwamba yadi za ziada humfaa zaidi mchezaji dhaifu kuliko bingwa, kwa sababu kwa dhaifu tofauti kati ya kupiga fimbo ya chuma namba 5 na ile fupi zaidi ya namba 7 kuelekea grini, eneo la nyasi laini lenye kishimo, ni kubwa mno.

Hesabu inageuka panapokuwa na mpaka wa uwanja, maji au msitu mnene. Mpira ukitoka nje ya mipaka unapoteza mkwaju ulioupiga na unaongezewa mmoja wa adhabu, jumla karibu mikwaju miwili. Kwa mchezaji wa kiwango cha PGA Tour, mpira mmoja tu wa ziada nje ya mipaka katika kila 20 unafuta faida yote ya yadi 20. Kwa mchezaji wa kawaida kizingiti kiko juu kidogo, lakini hakiko mbali. Rafu inavumilika, mpaka hauvumiliki. Ukibaki na kitu kimoja cha kukagua kabla ya kuchagua fimbo, kagua mpaka.

Historia ya mashindano makubwa inaweza kutumiwa na kila upande. Mwaka 2006 Tiger Woods alishinda The Open kwenye uwanja wa Hoylake, Uingereza, akitumia draiva mara moja tu kwa siku zote nne. Mwaka huohuo, kwenye uwanja wa Winged Foot, Marekani, Phil Mickelson alifika shimo la mwisho la US Open akiongoza kwa mkwaju mmoja, akachukua draiva, mpira ukaenda mbali kushoto, wa pili ukagonga mti, na Geoff Ogilvy akatwaa kombe. Lakini mwaka 2020, Winged Foot hiyohiyo, Bryson DeChambeau alipata feawei 23 tu kati ya 56 na akashinda kwa tofauti ya mikwaju sita. Hoylake ilikuwa kavu na ngumu, mpira uliopigwa chini uliendelea kubiringika, kwa hiyo Woods hakupoteza umbali mwingi huku akikwepa mabanka, yaani mashimo ya mchanga. Kwa DeChambeau, rafu ilikuwa mbaya kwa kila mtu, na yeye aliikaribia grini zaidi akiwa na fimbo fupi mkononi. Uwanja ndio ulioamua.

Kwa hiyo mchezaji ajipime badala ya kuchagua kambi. Piga mipira 20 kwa kila fimbo, ukibadilishana kila baada ya mitano ili uchovu usiiangukie fimbo moja. Puliza poda ya miguu kwenye uso wa fimbo uone unapogonga, na ufute baada ya mipira michache. Kisha pima upana unaobeba mipira 18 kati ya 20. Tuseme draiva imetapakaa mita 60 na wudi 3 mita 52. Kwenye shimo ambalo nafasi isiyo na hatari ni mita 65 pale draiva inapoangukia, wudi 3 haina kazi. Shimo likibana hadi mita 40 hapo, huku likiwa na mita 70 pale wudi 3 inapoangukia, draiva ni kosa hata kama umeamka vizuri. Na katikati ya mtapakao wako ilenge katikati ya nafasi salama, ambayo mara nyingi siyo katikati ya feawei.

Alama za poda zina mengi ya kusema. Kwa anayetumia mkono wa kulia, alama upande wa ncha ya kichwa huandamana na mpira unaopinda kushoto, na alama karibu na kisigino huandamana na unaopinda kulia. Alama za chini ya uso wa draiva zinaongeza mzunguko wa kurudi nyuma: mpira unapanda mwishoni na kudondoka bila kubiringika. Mara nyingi tiba ni kijiti cha kuwekea mpira. Kwa draiva, nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha fimbo, na mpira uwe usawa wa ndani ya kisigino cha mguu wa mbele. Kwa wudi 3, kijiti kitokeze sentimita moja tu juu ya ardhi, na mpira urudi nyuma kwa upana wa mpira mmoja. Ukiacha kijiti kwenye urefu wa draiva, wudi 3 itakuadhibu. Kosa jingine la wudi 3 ni kuipiga kwa woga, mwili ukisimama katikati ya mpigo. Uso unabaki wazi na mpira unakwenda kulia, palepale ulipokuwa unapakimbia.

Kabla ya kuikataa draiva, ijaribu ukiwa umeshika inchi moja chini kwenye mshiko. Inagharimu mita chache na wengi hurudi kugonga katikati ya uso. Kukata mpini kabisa ni hatua nyingine: inchi moja huondoa kama pointi 6 za uzito wa mpigo, yaani jinsi kichwa kinavyohisiwa kizito unapopiga, na kuzirudisha kunahitaji karibu gramu 12 za utepe wa madini ya risasi kichwani. Draiva ya digrii 12 pia hupinda kidogo kuliko ya digrii 9. Ila ukiongeza mwinuko kwa kuzungusha shingo ya fimbo, kumbuka uso unajifunga kidogo.

Na kama kweli unahitaji fimbo ya pili ya tii, sioni kwa nini iwe namba 3. Wudi 5 ya digrii 18 ni fupi zaidi, hupinda kidogo zaidi, na kwa mwenye kasi ndogo ya mpigo umbali wake unakaribia kulingana, kwa sababu digrii 15 haziupandishi mpira wake vya kutosha. Pia inanyanyua mpira kutoka kwenye nyasi za feawei, kazi ambayo wudi 3 inawashinda wengi. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 tu, na nafasi ya wudi 3 ndiyo ya kwanza ningeitoa kwenye mfuko wa mchezaji wa hendikepu 20.