Diski Hazina Adabu ya Majina

Kwenye Linux, diski jana sda, leo sdc. Hivi hizi diski zinamkimbia nani? Umechomeka flashi tu, au umehamishia waya wa SATA tundu la pili, basi ukiwasha mashine kila diski imevaa jina la jirani. Kerneli, kiini cha Linux, haijali: aliyeitika kwanza ndiye sda, mengine shauri yenu.

Na ZFS, mfumo wa faili unaounganisha diski kuwa hifadhi moja (pool), wala haina kosa. Kila diski ina lebo 4 za KiB 256, mbili mwanzoni na mbili mwishoni, zenye GUID yake, namba ya utambulisho isiyofanana na nyingine. Data ipo, imetulia. Mkorofi ni zpool.cache ya zamani, faili la kumbukumbu ya hifadhi na diski zake, iliyofungiwa ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kuwaka), inang'ang'ania sda3 ambayo imeshakuwa ya watu wengine. Wewe unaachiwa skrini nyeusi ujijue.

Hifadhi ya kawaida ungemaliza kwa `zpool export`, kisha `zpool import -d /dev/disk/by-id`, ambako majina hubeba modeli na seriali. Ila ya mfumo, hapa rpool, huwezi kuiondoa huku umeikalia. Washa kwa flashi yenye ZFS:

`zpool import -f -N -R /mnt -d /dev/disk/by-id rpool`

Kwenye Debian na Ubuntu, paki (mount) mfumo chini ya /mnt pamoja na /dev, /proc na /sys, ingia kwa chroot (uufanye mfumo huo ndio mzizi wako), futa /etc/zfs/zpool.cache, piga `update-initramfs -u -k all`. Ukitoka, shusha (unmount) vyote, kisha `zpool export rpool`. Hapo ndipo wenye haraka huruka, halafu mashine inawaambia hifadhi ni ya kompyuta nyingine. Kompyuta gani tena, jamani? Ni hostid, namba ya utambulisho wa mashine, ya ile flashi!

Sasa njoo kwenye diski mbili za kioo (mirror), kila moja nakala ya mwenzake. Umebadilisha moja, `zpool status` inasema ONLINE, unatembea kifua mbele. Kumbe `zpool replace` haikugusa kianzishi (bootloader), na siku diski ya zamani ikifa, hakiwaki kitu. Nakili kwanza partisheni: `sgdisk -R /dev/mpya /dev/nzima`. Mpya hutangulia, ukigeuza, umefuta jedwali la ile nzima, na sijui nani alipanga hivyo. Fuata na `sgdisk -G /dev/mpya`, ipe ESP yake, partisheni ya kuwashia, FAT32, weka GRUB, yaani kianzishi, humo pia.

Halafu fstab, orodha ya vinavyopakiwa mashine ikiwaka, bado imeandikwa /dev/sda1 kwa /boot/efi, mahali pa ESP! Weka UUID (utambulisho usiobadilika na jina) na `nofail`, la sivyo systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, itakukalisha sekunde 90 ikisubiri diski iliyokwishabadili jina, kisha ikutupe kwenye hali ya dharura.