Mhandisi na mshona kofia wakae mkeka mmoja

Juzi niliingia kwenye duka la Nuno, kampuni ya vitambaa, pale Roppongi, Tokyo, nikashika kitambaa kinachong'aa kama bati jipya. Mkononi ni laini, kinajikunja bila kelele. Kimepakwa chembe za chuma, kromu na nikeli kwa utaalamu ulioazimwa kwenye viwanda vya magari. Nuno ilianzishwa 1984 na Junichi Arai, mtoto wa ukoo wa wafumaji wa mji wa Kiryu, pamoja na Reiko Sudo, aliyebuni kitambaa hicho.

Nilitoka nimefurahi, lakini roho inaniuma. Dada zetu Unguja wanashona kofia za mkono, kitobo kimoja kimoja kinazungushiwa uzi mpaka duara lifunge, kofia moja inakula wiki na wiki. Ikifika sokoni inawekwa pembeni ya kofia ya mashine kutoka ng'ambo, halafu mteja anasema: "Punguza, dada, mbona ile bei rahisi?"

Najua mtakavyosema. "Huyu kakaa Japani kidogo, keshaanza kutudharau." Jamani, kofia ya Unguja naivaa hapa mbele ya mfumaji yeyote wa Kyoto na kifua mbele. Ninachokasirikia ni kwamba fundi yule tumemwacha peke yake. Tunamkumbuka siku ya maonyesho, tunapiga naye picha, basi.

"Wajapani wana pesa," mtasema tena. Haya, tutazame Nishijin, mtaa wa wafumaji wa hariri wa Kyoto. Mji mkuu ulipohamia Tokyo, wateja wakubwa wakaondoka nao, kazi ikadorora. Mwaka 1872 Kyoto ikawatuma watu watatu Lyon, Ufaransa, kujifunza mtambo wa kufumia wa Jacquard, ule unaofuata kadi zenye matundu kujua uzi upi uinuke. Mmoja wao alikufa meli ilipozama njiani kurudi. Waliwatuma wakiwa na shida, si wakiwa na neema.

Na hawakuishia hapo. Nyumba ya wafumaji ya Hosoo, ya hapohapo Nishijin, imefuma tangu 1688. Wanapaka dhahabu kwenye washi, karatasi ya Kijapani, wanaikata vijiuzi vyembamba mno, kisha vinapitishwa kimoja kimoja katikati ya hariri. Lakini mitambo yao ilitoa kitambaa cha upana wa sentimita 32 hivi, saizi ya obi, ule mshipi wa kimono. Kimono kikapungua kuvaliwa. Masataka Hosoo na mafundi wake wakaunda mtambo wa sentimita 150, na vitambaa vyao sasa vimepamba kuta za maduka ya Dior, kampuni ya mitindo ya Ufaransa. Dhahabu ni ileile, mkono ni uleule.

Siwapambi. Nishijin leo ina wazee wengi kuliko vijana, na mtambo ukiharibika kumpata wa kuutengeneza ni kazi. Hata hivyo wanahangaika, mhandisi na mfumaji mezani pamoja.

Sisi vyuo vya ufundi tunavyo Unguja hapohapo, mwendo wa daladala kutoka kwa hao dada. Nani amewahi kumpeleka mwanafunzi wa umeme akae mkekani, amtazame mshonaji, amuulize: bibi, sehemu gani inakuumiza macho, tuitafutie kifaa, na sehemu gani tusiiguse kabisa? Msinijibu kwamba mshonaji hajasoma. Anahesabu nakshi nzima kichwani, bila karatasi.